Kufasiri Majina ya Kiitalia ya Kunakili Michoro

Katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, si mbali na mpaka wa Rwanda, kuna mahali panapoitwa Benaco. Jina hilo lilisikika duniani kote mwaka 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29 Aprili, na wengi wao wakapiga kambi hapo. Lakini neno lenyewe si la Kihangaza wala la Kishubi, na si la Kiswahili. Ni la Kiitalia. Benaco ni jina la kale la ziwa kubwa kuliko yote ya Italia, ambalo siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la Garda. Lilifika Ngara pamoja na kampuni ya ujenzi iliyokuwa na kituo chake hapo wakati wa kujenga barabara. Kampuni ikaondoka, jina likabaki.

Jina la mahali laweza kuachwa kama lilivyo, na hakuna atakayedhurika kwa kutojua maana yake. Lakini kazi ya ujenzi huacha nyuma yake vitu viwili: chombo kilichojengwa, na karatasi zilizoongoza ujenzi wake. Manufaa ya karatasi hizo hayakomi siku ya kufungua barabara. Miaka 20 au 30 baadaye kalvati hubomoka, mtaro huziba, daraja huhitaji kupanuliwa, na hapo mhandisi na fundi huanza kuitafuta michoro ya zamani. Waitalia wameshiriki katika kazi kubwa nyingi nchini Tanzania. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, na bomba la mafuta la TAZAMA liendalo Zambia, lililokamilika mwaka 1968, ni mifano inayojulikana. Hata pale ambapo mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, maneno ya Kiitalia yaweza kubaki pembeni mwa mchoro, katika kile kisanduku kidogo kinachoeleza kitu kilichochorwa, skeli yake, na namna nakala ilivyopatikana.

Habari hiyo ya mwisho, namna nakala ilivyopatikana, hupuuzwa kuliko zote. Mfasiri mwenye haraka huandika "nakala" na kuendelea. Yafaa ionekane kwa nini hilo ni kosa.

Skeli inayodanganya

Mchoro wa kalvati umechorwa kwa skeli ya 1:50 kwenye karatasi ya ukubwa wa A1. Bomba la kalvati hilo lina kipenyo cha mita 1, kwa hiyo mchoroni lina kipenyo cha milimita 20. Baadaye mchoro ukapunguzwa kwa mashine hadi ukubwa wa A3, ili uingie katika jalada. Urefu na upana wa karatasi umekuwa nusu ya ule wa kwanza, na bomba sasa lina milimita 10. Lakini maandishi ya pembeni bado yanasema 1:50. Fundi anayepima kwa rula atazidisha 10 kwa 50 apate milimita 500, yaani nusu mita. Akiagiza mabomba ya nusu mita, ataweka chini ya barabara tundu ambalo eneo lake ni robo tu ya lile lililokusudiwa, kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo chake. Maji yapitayo yatapungua hata kuliko robo hiyo, kwa sababu bomba jembamba huyakwaza zaidi. Katika nchi ya vilima kama Ngara, ambako mvua za masika huteremka mabondeni kwa kasi, barabara itakatika kabla mkandarasi hajalipwa.

Ni kweli kwamba mchoraji makini huandika vipimo kwa tarakimu, na kwamba mafundi hufundishwa wasipime kwa rula pale penye tarakimu. Lakini si kila sehemu ya mchoro hupewa tarakimu. Ni kweli pia kwamba michoro mingi huwa na mstari wa skeli uliogawanywa kwa mita, nao hupungua pamoja na mchoro wote, kwa hiyo hausemi uongo. Pasipo mstari huo, ulinzi uliobaki ni lile neno la pembeni. Mwitalia akiandika copia eliografica, msomaji wake huelewa kwamba karatasi mbili ziligusana na hakuna kilichobadilika ukubwa. Akiandika riduzione, huelewa kwamba mchoro umepunguzwa na skeli ya tarakimu haifai tena. Maneno yote mawili yakifasiriwa kuwa "nakala", fundi wa Kiswahili amenyang'anywa onyo ambalo mwenzake wa Kiitalia alipewa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mfasiri lisiwe "neno hili katika kamusi ni nini?" bali "karatasi hii ilifanyiwa nini?"

Rangi ya viatu

Kamusi peke yake humpeleka mtu mbali na njia. Katika michoro ya Kiitalia neno lucido hutokea kila mara. Asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya mwanga, na katika matumizi ya kila siku humaanisha kinachong'aa. Kamusi yaweza kutoa maana nyingine tena: rangi ya kung'arishia viatu, ile ambayo watu wengi wa Tanzania huiita kiwi. Pianta nayo ni mmea, ni wayo wa mguu, na ni ramani ya nyumba kama ionekanavyo kutoka juu. Scala ni ngazi, na ni skeli. Mtu asiyejua kazi ya uchoraji angeweza, bila kukosea kamusi hata mara moja, kuandika kwamba mmea huu una ngazi ya 1:50 na umepakwa kiwi namba 4.

Lucido katika ofisi ya msanifu majengo ni karatasi inayopitisha mwanga, na pia ni mchoro wenyewe uliochorwa kwa wino juu ya karatasi hiyo. Kiswahili kina neno angavu, na kina kitenzi kufuatisha, ambacho kila mtoto wa shule aliyewahi kuweka karatasi nyembamba juu ya ramani anakijua. Karatasi yenyewe yafaa iitwe karatasi ya kufuatishia, na mchoro uliomo ndani yake mchoro angavu. Jambo la kushikwa hapa ni kwamba mchoro angavu ndio mama: nakala zote hutokana nao, na masahihisho hufanywa juu yake. Ukipotea, kilichobaki ni watoto tu. Waitalia wana pia controlucido, yaani mchoro angavu wa pili uliotokana na wa kwanza ili utumike mahali pake. Huo waweza kuitwa mchoro angavu wa pili, na tofauti yake na wa kwanza isifichwe, maana masahihisho ya baadaye huenda yalifanywa juu ya mmoja tu.

Nakala za jua

Neno eliografia limetokana na Kigiriki, na maana yake ni maandishi ya jua. Mfaransa Nicéphore Niépce alilitumia katika miaka ya 1820 kwa majaribio yake ya kunasa picha, ambayo ndiyo mwanzo wa upigaji picha. Msomaji akilikuta katika kitabu cha historia, ndilo hilo. Katika michoro ya ujenzi ya karne ya 20 lina maana nyingine, nayo yataka kuelezwa pamoja na ndugu yake, cianografia.

Cianografia ndiyo ya zamani zaidi. Iligunduliwa na mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, mwaka 1842. Mwaka uliofuata mwanamke wa nchi hiyo, Anna Atkins, alianza kuitumia kutoa kitabu cha picha za mwani, na wahandisi wakaanza kuitegemea kwa wingi kuanzia miaka ya 1870. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili, amonia feri sitreti na potasiamu ferisianidi. Katika chumvi ya kwanza chuma kiko katika hali ya feri, yaani ayoni yake ina chaji tatu. Mchoro angavu huwekwa juu ya karatasi hiyo na vyote viwili huanikwa juani. Mionzi ya urujuanimno hukishusha chuma hadi hali ya fero, yenye chaji mbili, nacho kikikutana na ferisianidi hufanya buluu ya Prussia, rangi isiyoyeyuka majini. Mahali palipokingwa na wino hapabadiliki, na chumvi zake huondoka karatasi ioshwapo. Hubaki mistari myeupe juu ya uwanja wa buluu.

Mwalimu mwenye kemikali hizo aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa saa moja. Gramu 20 za amonia feri sitreti huyeyushwa katika mililita 100 za maji, na gramu 8 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Vimiminika hivyo huchanganywa kwa vipimo sawa penye mwanga hafifu, hupakwa karatasini, na karatasi huachwa ikauke gizani. Jani la mharage huwekwa juu yake, hukandamizwa kwa kioo, na kuanikwa juani kwa dakika kadhaa. Kisha karatasi huoshwa mpaka maji yatoke safi. Potasiamu ferisianidi isichanganywe kamwe na asidi kali wala isichomwe moto, kwani yaweza kutoa gesi ya sumu.

Njia ya pili, ambayo ndiyo Waitalia huiita kwa kawaida copia eliografica, ilienea kutoka Ujerumani baada ya miaka ya 1920. Hapa karatasi ina chumvi za diazo. Mwanga huziharibu, ila zile zilizo chini ya mistari ya wino hubaki nzima. Karatasi ikipitishwa katika mvuke wa amonia, chumvi zilizobaki huungana na kemikali nyingine iliyomo humo na kutoa rangi. Kwa hiyo mambo yamegeuka: mistari ni ya rangi, na uwanja ni mweupe. Haihitaji kuoshwa, na kwa kuwa karatasi hailowi, haivutiki wala haisinyai kama ile ya kwanza.

Hapa jina la rangi linaponza. Wengine hupendekeza cianografia iitwe "nakala ya buluu", lakini nakala ya diazo nayo aghalabu huwa na mistari ya buluu. Aliyeambiwa atafute nakala ya buluu katika kabati aweza kurudi na yoyote kati ya hizo mbili. Afadhali isemwe "nakala ya uwanja wa buluu", ingawa ni ndefu. Tena, wapigachapa wa Italia huita cianografica lile jaribio la mwisho la kitabu kabla hakijachapwa, na hapo tafsiri ya haki ni "chapa ya kusahihishia", bila kutaja rangi yoyote.

Kivuli kimekwisha kutwaliwa

Kwa Kiswahili neno zuri kuliko yote kwa nakala za jua lingekuwa kivuli. Wino hukinga mwanga, na kivuli chake hubaki karatasini. Kwa bahati mbaya neno hilo lina mwenyewe. Nchini Tanzania nakala ya mashine ya fotokopi huitwa kivuli, au kwa urasmi zaidi nakala kivuli, na kila aliyewahi kuomba kazi ameambatisha vivuli vya vyeti vyake.

La ajabu ni kwamba mashine ya fotokopi haifanyi kazi kwa kivuli, bali kwa vumbi. Kanuni yake ilithibitishwa na Mmarekani Chester Carlson mwaka 1938. Ngoma ya mashine hupewa chaji ya umeme. Mwanga unaorudi kutoka sehemu nyeupe za hati huiondoa chaji hiyo, nayo hubaki pale tu penye maandishi. Unga mweusi huvutwa na chaji iliyobaki, huhamia karatasini, na kuyeyushwa kwa joto ushike. Kwa kuwa picha hupita katika lenzi, ukubwa wake waweza kubadilishwa upendavyo, na hapo ndipo linapoanzia lile balaa la kalvati. Lakini neno lililokwisha kushikwa na watu halinyang'anywi kwa sababu fizikia yake ina kasoro. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi, wala si kuwafuta watu midomo.

Inayobaki ni kufuata mfano uliopo. Kama kuna nakala kivuli, yaweza kuwapo nakala jua, kwa copia eliografica, hata pale mashine inapotumia taa badala ya jua lenyewe, maana Mwitalia pia husema jua hali ametumia taa. Kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hana mazoea ya miaka mingi yanayomwambia kwamba nakala ya namna hiyo haibadilishi ukubwa, tafsiri katika kisanduku cha mchoro iseme "nakala jua, ukubwa uleule". Na riduzione iseme "nakala iliyopunguzwa, usipime kwa skeli ya tarakimu". Huku ni kuongeza maneno ambayo hayamo katika Kiitalia. Ni nyongeza ya haki, kwa sababu maana yake ilikuwamo.

Istilahi si lazima itoke Dar es Salaam. Neno ngeli, ambalo kila mwanafunzi wa sarufi hulitumia, lilichukuliwa kutoka Kihaya, lugha ya mkoa huohuo wa Kagera. Wanafunzi wa Ngara na Biharamulo, ambao wengi wao hutumia Kihangaza, Kishubi au Kisubi nyumbani na Kiswahili shuleni, wako mahali pazuri pa kuwauliza wazee maneno ya kufuatisha, kukinga mwanga na kuacha alama.

Katuni na katoni

Maneno ya sanaa yana mitego yake. Kiitalia carta ni karatasi, na cartone ni karatasi kubwa au nene. Wachoraji wa Italia walipotaka kuchora ukutani, walitengeneza kwanza mchoro wa ukubwa kamili kwenye karatasi nzito, wakauita cartone. Kiingereza kikalichukua neno hilo kwa njia mbili. Moja ikawa sanduku la karatasi ngumu, nayo imeingia Kiswahili kama katoni. Nyingine ilikuwa mchoro wa ukutani, hadi jarida la Punch la London lilipoanza mwaka 1843 kulitumia kwa michoro ya kejeli, na hiyo ndiyo katuni ya magazeti. Basi Kiswahili kina watoto wawili wa cartone, na hakuna hata mmoja anayefaa kumfasiria mama yake. Karatasi na karata ni wa ukoo huohuo, kwani Waarabu na Warumi walilipata neno hilo kwa Wagiriki. Tafsiri iliyo salama ni "mchoro wa ukubwa kamili". Ule wa Raphael kwa ajili ya picha yake ya Shule ya Athens, wenye urefu wa karibu mita 8, umehifadhiwa Milan, na kuuita katuni kungemchekesha msomaji bure.

Mchoro huo ulihamishwaje ukutani? Njia mojawapo ni spolvero, neno litokanalo na polvere, yaani vumbi. Mistari hutobolewa kwa sindano, matundu yakikaribiana. Karatasi hubandikwa ukutani, na mfuko wa kitambaa wenye unga wa makaa hupigwapigwa juu yake. Unga hupenya matunduni na kuacha nukta ukutani, kisha mchoraji huziunganisha. Huu ndio unakili uwezao kufanyika katika shule yoyote ya Biharamulo bila senti ya kemikali. Mwalimu wa jiografia akitoboa ramani ya Tanzania kwenye karatasi ngumu, akaishika ubaoni na kuipiga kwa dasta iliyojaa chaki, atapata mipaka ya nchi kwa dakika moja, mwaka baada ya mwaka. Kwa Kiitalia spolvero laweza kumaanisha tendo hilo, na pia karatasi iliyotobolewa. Kiswahili hakina haja ya kuiga mkanganyiko huo: tendo ni kupiga vumbi, na karatasi ni karatasi ya matundu.

Maneno ya chapa za sanaa hayasumbui sana. Litografia ni chapa ya jiwe. Acquaforte, kwa neno moja moja, ni maji makali, jina la zamani la asidi ya nitriki iliyotumika kula shaba mahali palipokwaruzwa. "Chapa ya asidi" yatosha.

Neno moja lastahili kutajwa kwa ajili ya Biharamulo. Mtu akipima jengo lililokwisha kujengwa, mathalani boma la Biharamulo la enzi ya Wajerumani, kuta zake, milango na unene wa mawe, kisha akachora alichopima, kazi hiyo kwa Kiitalia huitwa rilievo. Neno hilohilo ni jina la nakshi zinazoinuka kutoka ukutani. Likifasiriwa vibaya, msomaji atazunguka boma akitafuta nakshi, na hatatambua kwamba mkononi ana kitu chenye thamani zaidi: mchoro wa vipimo, unaoonyesha jengo lilivyokuwa siku lilipopimwa, ambao si lazima ulingane na ule wa waliolijenga.

Aina ya nakala hutawala pia namna ya kuitunza. Nakala ya uwanja wa buluu huharibiwa na chokaa, majivu na sabuni, kwa hiyo isiegemezwe kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Ikififia kwa mwanga, huweza kurudisha sehemu ya rangi yake ikiwekwa gizani. Nakala ya diazo ikififia hairudi, na mabaki ya kemikali zake huwadhuru majirani, hivyo zisifungwe pamoja katika bunda moja. Zote mbili zawekwa juu ya rafu, mbali na sakafu na mchwa. Kabla ya kuikunja kila karatasi, mtunzaji aandike nyuma yake kwa penseli jina la Kiitalia kama lilivyokuwa, tafsiri yake, na urefu wa mstari mmoja wa mchoro kama alivyoupima siku hiyo.